Mfungo Ambao Mungu Hakuniagiza

Kama chakula kimeanza kukukwama kifuani na umeanza kuwadanganya watu wa nyumbani kwako, haya nimekuandikia wewe. Mambo ya ugonjwa wenyewe utaelezwa na daktari, mimi sikusomea. Mimi nitakueleza tu nilichokifanya, maana mpaka leo nikikumbuka nashika mdomo. Mimi jameni! Mama wa maombi! Mtu wa kusimama mbele ya kina mama kila Jumatano akiwaambia wasiogope!

Naitwa Rael, na kwa sababu mtoto wangu wa kwanza ni Chebet, watu wengi huniita Mama Chebet. Tunakaa Kimulot, mimi na Baba Chebet, na tuna shamba dogo la chai na ng'ombe wawili wa maziwa. Chebet mwenyewe ni mwalimu huko Mulot, huja nyumbani shule zikifungwa.

Ugonjwa ulianza Januari. Kanisa letu hufunga na kuomba mwaka ukianza, na ni wakati mzuri kwa sababu jua huwa kali, majani ya chai huwa machache na watu wana nafasi. Mwaka huo nilifunga kweli, siku zote, sikuiba hata kikombe cha uji. Siku ya kufungua nilisonga kimyet, ugali wetu wa huku, mgumu vile Baba Chebet hupenda, na mboga za kienyeji zilizolala kwa maziwa. Tonge la kwanza likasimama. Si kooni, hapa chini, nyuma ya mfupa wa kifua. Nikanywa maji, maji yakarudi kwa pua. Nikatoka nje, nikashika nguzo ya jikoni na kuinama mpaka lile tonge likateremka polepole kama mtu anayeshuka ngazi usiyemwona. Nikajiambia tumbo limezoea njaa, ndiyo maana.

Wiki iliyofuata likasimama tena. Halafu chapati. Halafu mkate. Kufikia mwisho wa Februari nilikuwa mtu wa uji na mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu, na hata hayo niliyameza nikiwa nimesimama.

Utaniuliza kwa nini sikuenda hospitali. Nitakwambia. Mamangu alianza hivyohivyo. Alianza na ugali, ikaja mboga, ikaja uji, mwisho ikawa maji. Nilimshika mkono siku alipokataliwa na maji. Kwa hivyo lile tonge la Januari liliposimama, nilijua jina lake kabla ya daktari yeyote kulitaja, na nikaona nikinyamaza na lenyewe litanyamaza. Mtu mzima, wa miaka arobaini na saba, na hiyo ndiyo akili niliyotumia.

Nyumbani hakuna aliyeona. Kwetu mama ndiye anayepakua. Baba wa nyumba na wageni hupelekewa kwenye nyumba kubwa, na mama hula mwisho, peke yake jikoni, akipata nafasi. Tangu tuoane na Baba Chebet sidhani alikuwa amewahi kuniona nikitafuna. Basi nilimpelekea sahani yake, nikarudi jikoni, nikafunga mlango, nikatupia kuku sehemu yangu. Kuku wetu walinona mwaka huo!

Shida ilikuwa nikienda kwa watu. Siku moja tulimtembelea dada mmoja wa kanisa aliyejifungua, wakaleta wali na nyama ya mbuzi, na mwenye nyumba akaniwekea sahani mikononi. Nikaitazama ile nyama. Mdomo ukafunguka wenyewe, ukasema, "Samahani, nimefunga."

"Bwana asifiwe!" wakasema wote. "Unafungia nini, Mama Chebet?"

"Watoto wetu," nikasema. "Vijana wa kanisa."

Haki ya Mungu, neno hilo lilitoka laini kama siagi. Na likishatoka mara moja, la pili huwa rahisi. Nikawa nimefunga kwa matanga, nimefunga kwa harusi, nimefunga kwa mkutano wa kina mama. Nguo zikaanza kunizunguka, pete ikawa inateleza nikiosha vyombo, mpaka nikaifunga uzi. Nao wakasema uso wangu unang'aa. Mifupa ndiyo iliyokuwa inang'aa!

Jumapili moja ya Machi pasta akanisimamisha mbele. Ni mtu mzuri pasta wetu, naye hana ubaya wowote. Akasema, "Tazameni dada Rael. Ameacha chakula chake kwa ajili ya watoto wenu. Na mwangalie alivyo na amani." Watu wakapiga makofi. Nami, sikia sasa, nikainua mkono juu kama mtu anayempa Mungu utukufu, huku tumbo likilia njaa na mimi nikiogopa. Jumapili hiyohiyo ilikuwa ya Meza ya Bwana. Nikapokea kile kipande kidogo cha mkate, nikakiweka mdomoni, nikainamisha kichwa kama ninayeomba, nikakitema kwenye leso. Leso nikaisukuma ndani kabisa ya mkoba. Mkate wa Bwana! Sijui kama unaelewa jinsi jambo hilo lilivyonitisha. Niliogopa kuutupa na niliogopa kuula, kwa hivyo niliuacha hapo mkobani, na mwezi uliofuata nikauongezea mwenzake.

Sasa nikuambie habari ya Mama Achieng'. Yeye ni mtu wa upande wa ziwa, alikuja huku na marehemu mumewe aliyefanya kazi kwa shamba kubwa la chai, na mume alipofariki akabaki. Sasa huchumia watu chai, na sisi pia hutuchumia. Sauti yake unaisikia kabla hujamwona. Ana ugonjwa wa sukari, na kila Jumatano hukaa mstari wa mbele kabisa kwenye maombi yetu.

Aprili mvua ilikuwa imeshika na majani yamekuwa mengi, unachuma leo na kesho kutwa yamerudi. Asubuhi moja tulikuwa wawili kwenye mistari ya juu, vikapu mgongoni, mikono ikienda. Niliona amenyamaza. Mama Achieng' kunyamaza si kawaida.

"Uko sawa?" nikamuuliza.

"Niko sawa. Leo ni siku yangu ya tatu."

"Ya tatu ya nini?"

"Ya kufunga." Akacheka kidogo, bila nguvu. "Nimeona nisikuache peke yako. Unajua tangu Achieng' aende kazi Saudi mimi silali. Simu isipolia naona amekufa. Ikilia naogopa kushika. Nikasema, wacha nifuate Mama Chebet, huenda Mungu akanipa ile amani yake."

Mikono yangu ikasimama. "Na dawa ya sukari?"

"Dawa nimemeza. Chakula ndicho nimeacha."

Nilitaka kusema. Neno lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Nikasema tu, "Wee, twende nyumbani unywe uji," naye akasema, "Nimalizie huu mstari." Hakumaliza. Nilisikia matawi ya chai yakivunjika, nikageuka, nikaona kikapu tu. Alikuwa ameanguka kati ya mistari, jasho likimtoka kwenye baridi ile, macho wazi hayanioni.

Woi! Nilipiga kelele mpaka ng'ombe wakaruka. Chupa ya chai tuliyobeba ilikuwa na sukari nyingi, nikampaka mdomoni, nikammwagia ndani ya shavu kidogo kidogo, nikiita jina la Yesu na jina la Baba Chebet kwa pamoja. Baba Chebet akaja mbio na majirani, tukampakia mgonjwa kwenye pikipiki katikati ya Baba Chebet na mimi, tukaenda zahanati. Njia nzima kichwa chake kiligonga bega langu, na nilikuwa nikisema, "Nimemuua. Mungu wangu, nimemuua mtu."

Hakufa. Walimwekea dripu, na baada ya muda akafungua macho na kuanza kulalamika kuhusu sindano. Nesi alikuwa mkali, na alikuwa na haki. "Mama, ni nani alikuambia ufunge na unameza dawa hizi?"

Mama Achieng' akainua mkono ule usio na dripu na kuninyooshea kidole. Si kwa kunishtaki, hapana. Kwa kujivunia! "Huyu," akasema. "Huyu ndiye mwalimu wangu. Yeye amefunga tangu mwaka uanze."

Nesi akanitazama kutoka juu mpaka chini. Nadhani aliona kile ambacho kanisa zima halikuona. Nikakaa kwenye kitanda cha mgonjwa, juu ya miguu ya Mama Achieng'.

"Sijafunga," nikasema. "Chakula hakipiti. Tangu Januari hakipiti. Niliwadanganya."

Nilipoinua macho nilimwona Baba Chebet amesimama mlangoni, kofia mkononi. Alikuwa amesikia yote.

"Tangu Januari?" akauliza.

"Tangu Januari."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

Baba Chebet akavaa kofia. Akarudi nje kwenye pikipiki. Mama Achieng' akajiinua kidogo. "Kwa hivyo mimi nimekaa njaa siku tatu nikifuata mgonjwa?" Akanitolea macho. "Mama Chebet! Si ungenimaliza kwa panga mara moja!" Halafu akaanza kulia, akanivuta kichwa mpaka kifuani kwake, na dripu ikachomoka, na nesi akatugombeza sote wawili.

Baba Chebet hakusema nami siku mbili. Alikamua, alikata nyasi, alipeleka majani kituoni, akarudi, akala, akalala. Siku ya tatu mchana, nikiwa jikoni na mlango wangu uliofungwa, akausukuma kwa mguu. Alikuwa amebeba sahani yake mwenyewe. Mume wangu, jikoni, na sahani! Akavuta kile kigoda cha kukamulia, akakaa magoti yakiwa karibu na masikio, akasema, "Kula nikuone."

Nikameza uji mbele yake. Kijiko cha nne kikasimama. Aliona nikiinama, aliona ukirudi, aliona yote. Hakuondoka. Alinishikia kitambaa. Tangu siku hiyo tunakula jikoni, sote, hata wageni wamezoea.

Tukatumwa hospitali ya misheni. Siku ya kipimo, Baba Chebet alisema lazima abaki na ng'ombe, mmoja alikuwa karibu kuzaa. Ukweli ni kwamba aliogopa, na baadaye alikubali mwenyewe. Aliyenisindikiza ni Mama Achieng', na mkoba wake wa mandazi ili sukari yake isishuke tena.

Sitasahau benchi lile. Ilikuwa kama mtu amenipiga kofi. Nilidhani ni mimi tu, na huku ukumbi mzima ni watu wenye mashavu yaliyoingia ndani, kila mmoja na mkebe au chupa ya kutemea mate. Kulikuwa na mzee wa koti zuri ambaye koti lilikuwa limebaki peke yake. Kulikuwa na msichana, mdogo kuliko Chebet wangu, akinyonyesha mtoto kwa ziwa lisilo na kitu. Nikawa nahesabu nafasi kati yetu na mlango wa kutokea. Nilikuwa nimeshika nambari yangu mkononi mpaka jasho likaifuta.

"Wacha tutoke," nikamwambia Mama Achieng'. "Tutarudi wiki ijayo."

"Hatutoki."

"Basi niombee," nikasema. "Uombe kwa imani. Uukemee ugonjwa."

Mama Achieng' akaweka mandazi chini. Mimi nilifunga macho nikingoja ile sauti yake, na nilikuwa nimeanza kuona aibu kwa ajili ya watu. Lakini alisema polepole, kama anayezungumza na mtu aliyeketi hapo kwenye benchi upande wa pili. "Mungu, huyu Rael anaogopa. Anaogopa sana, hata amekudanganya wewe na sisi. Mimi pia naogopa, ya Achieng' unaijua. Hatujui tutatokaje kwenye hofu hii. Basi kaa na sisi hapa. Amina."

Hiyo tu. Nikangoja aendelee, naye akachukua andazi.

Miaka yote hiyo ya kuongoza maombi, hakuna hata siku moja nilikuwa nimemwambia Mungu kwamba naogopa. Nilimwambia nashukuru, nilimwambia naamini, nilikemea, niliamuru, nilisimama juu ya Neno. Hofu niliificha kama ule mkate kwenye leso. Na sasa mtu mwingine alikuwa amemwambia kwa mdomo wake, mbele ya watu, na paa halikuanguka. Kitu kilichokuwa kimekaza mabega yangu tangu Januari kikaachia. Nikaegemeza kichwa kwenye paja la Mama Achieng', nikisema nitapumzika tu kidogo.

Nililala! Nililala fofofo, nikakoroma, kwenye benchi la mbao, katikati ya watu wa kutema mate. Nambari yangu ikaitwa, ikapita. Mama Achieng' alikataa kuniamsha. Aliwaambia manesi, "Huyu hajalala tangu mwaka uanze, mpelekeni mwingine." Nilipoamka ilikuwa saa nane na tulikuwa wa mwisho. Nataka uelewe jambo hili vizuri, wewe unayesoma: amani hiyo ilikuja kabla ya majibu. Haikungoja kusikia kama nitapona. Mpaka leo inanishangaza.

Na majibu yalikuwa mabaya. Wiki mbili baadaye, Baba Chebet akiwa nami sasa, daktari alisema ni saratani, lakini bado iko mahali pamoja, haijatembea. Baba Chebet aliuliza mara tatu, "Haijatembea?" Niliogopa, ndiyo. Lakini hofu ilikuwa mgeni sasa, haikuwa mwenye nyumba.

Jumatano hiyo nilisimama mbele ya kina mama na kutoa leso mkobani. Vipande viwili vya mkate, vimekauka kama mawe. Nikaeleza yote. Hakuna aliyesema amina. Mama mmoja aliyekuwa amefunga wiki nzima kwa sababu yangu akabeba mwavuli wake akatoka, na mpaka leo hunisalimia kwa mbali. Sina la kumlaumu. Pasta, ambaye nilikuwa nimemwomba awepo, akaketi chini na kushika kichwa. Baadaye akasema, "Mimi ndiye niliyekusimamisha mbele. Sikukuuliza hata kama umekula." Tukaenda na yeye na Mama Achieng' nyuma ya kanisa, tukaufukia ule mkate kando ya ukuta.

Matibabu niliyahesabu kwa majira ya chai. Dripu ya kwanza ya kemo, ile dawa kali ya saratani, ilikuwa Mei, majani yakiwa bado mengi. Ya pili nywele zikabaki kwenye kitambaa cha kichwa. Ya tatu ilinikuta kwenye baridi ya Julai, vidole vikiwaka moto na ganzi, nisiweze kuchuma hata jani moja. Kila kitu kikawa na ladha ya msumari. Ya nne sikumbuki vizuri. Chebet alikuja likizo, akaniona, akaenda kulia zizini akidhani sisikii. Nikamfuata, nikamwambia, "Lilia hapa karibu nami, kuna nafasi."

Mvua ya mawe ilipiga chai yetu wiki niliyofanyiwa upasuaji. Daktari alitoa kipande kibaya cha njia ya chakula na kulivuta tumbo juu. Nililishwa kwa mrija wa tumboni wiki nyingi, na Baba Chebet, ambaye hakuwahi kupika chai, alijifunza kuchuja uji mpaka ukawa mwembamba kama maji. Sasa nalala nimeinuliwa na mito mitatu. Nikiinama kufunga kamba ya kiatu, chakula hurudi. Nakula kidogo kidogo mara nyingi kama mtoto, na chai naingoja ipoe mpaka wageni wananishangaa. Kila miezi mitatu narudi kwenye lile benchi, na kila mara siku moja kabla nawaambia kina mama waziwazi, "Naogopa kesho." Wanakaa nami. Na wao wameanza kusema yao. Achieng' alipiga simu siku moja tukiwa kwenye maombi, na Mama Achieng' akashika kabla haijalia mara ya pili.

Jumapili ya kwanza ya Desemba ilikuwa Meza ya Bwana. Daktari alikuwa ameniruhusu mkate, niutafune mpaka uishe nguvu. Nilipokea kipande changu, kidogo kuliko ukucha. Kwetu watu hula mkate pamoja, halafu pasta huinua kikombe. Wenzangu wakameza. Mimi nikatafuna. Pasta akashika kikombe, akanitazama, akakirudisha mezani. Nikatafuna. Kanisa zima likageuka kunitazama, hata watoto. Nikafumba macho, nikasema moyoni, Mungu, naogopa, kaa hapa, na nikameza.

Nikangoja usimame pale pa siku zote.

Kutoka nyuma, kwa sauti yake yote, Mama Achieng' akauliza, "Mama Chebet! Mkate umepita?"

"Umepita," nikasema.

Ndipo pasta akainua kikombe.